Simu Haijakatwa

Sehemu ya tisa

"Nani anakuja Jumatano?"

Hapo ndipo tulipomwacha Dada Pasi: amesimama katikati ya duka lake la udobi, pasi ya mvuke mkononi, mdomo wazi, na simu iliyoegemezwa kwenye kopo la wanga inamuuliza swali kwa sauti ya kaka yake.

Kwa aliyechelewa kujiunga nasi, mambo ni haya. Kila Jumamosi asubuhi familia hii hukutana kwa simu ya intaneti, ile isiyokula salio. Kaka Mkubwa yuko nchi ya mbali, mkaguzi wa tiketi kwenye treni. Kitinda, mdogo wao wa mwisho, yuko nchi nyingine kabisa, masomoni. Dada Pasi ndiye aliyebaki nyumbani na mama yao. Jumamosi hii waliongea, wakacheka, wakaagana. Dada Pasi akabonyeza kitufe, akaamini amekata. Kumbe amefunga kamera tu. Akamgeukia mwenzake wa dukani, yule tunayemwita Mkunjaji, akammwagia siri yote: kwamba Jumatano anakuja mwanaume aliyemposa kwa simu, kwamba amemkubali, na kwamba watu wa kwao watajua akishaolewa.

Sikio la simu lilikuwa wazi. Watu watatu walisikia.

Zamani hili lisingetokea. Zamani salio lilikuwa likiisha, simu inakatika yenyewe, heshima ya mtu inabaki salama. Simu ya bure haina huruma hiyo. Usipoikata mwenyewe inakaa tu inakusikiliza, kama mgeni asiyejua kuaga.

"Nimeuliza," Kaka Mkubwa akarudia. "Nani anakuja Jumatano?"

"Mteja," akasema Dada Pasi. "Anakuja kuchukua suti yake."

"Na wewe umekubali kuolewa na suti?"

Huyo alikuwa Kitinda. Alikuwa anatafuna kitu. Kila Jumamosi Kitinda alikuwa anatafuna kitu.

Mkunjaji, rafiki wa kufa na kuzikana, aliokota rundo la foronya akaelekea uani bila kuaga.

Ndipo mlango wa nyuma ukafunguka, akaingia Mama.

Inabidi mjue kwamba Mama anaishi vyumba vya nyuma ya duka, hatua kumi na tano kutoka meza ya pasi. Angeweza kuja kukaa na binti yake waongee kwa simu moja. Hataki. Yeye hujiunga na simu ya Jumamosi akiwa kitandani kwake, kwa simu yake, maana anataka kijisanduku chake mwenyewe pale kwenye kioo kama watoto wake wengine. Sasa alikuwa ameibeba simu hiyo mbele yake kwa mikono miwili, kama anabeba bakuli la supu ya moto.

"Mwanaume gani?" akauliza.

"Mwanaume gani?" ikauliza simu ya Dada Pasi, kwa sauti ileile, nusu sekunde baadaye.

"Mama, kata yako basi. Sauti inajirudia."

"Sikati. Nikikata mtaongea bila mimi."

"Uko humu ndani, Mama."

"Ndiyo, na sanduku langu liko humo. Mwanaume gani?"

Dada Pasi akaiweka pasi kwenye kibati chake. Akawasha kamera, akajikaza kisabuni. Maji yalishamwagika, na dobi anajua kuliko mtu yeyote kwamba maji hayazoleki.

"Ni mwendesha kreni," akasema. "Zile winchi ndefu za kujengea maghorofa. Anakaa juu kule kwenye kibanda, anainua vyuma."

"Yuko wapi?" akauliza Kaka Mkubwa.

"Nje. Ana mkataba."

Akaitaja nchi yenyewe. Kitinda akapiga mluzi.

"Mlikutana wapi?"

"Hatujakutana."

Nchi tatu zikasogelea kioo kwa mpigo mmoja.

"Nieleweshe," akasema Kaka Mkubwa taratibu, kwa ile sauti anayoitumia kwa abiria aliyekamatwa bila tiketi. "Umekubali kuolewa na mtu ambaye hujawahi kumshika mkono."

"Alikosea namba. Miezi minane iliyopita. Alikuwa anamtafuta binamu yake, akakosea tarakimu moja, ikaita kwangu. Kioo kikafunguka, akaniona nimezungukwa na mvuke. Akaomba radhi. Kisha akasema, samahani dada, kwa kuwa nimeshafika, grisi kwenye shati la rangi ya maziwa inatokaje?"

"Na wewe ukamjibu."

"Nilimwambia apake sabuni ya kuoshea vyombo kabla shati halijaona maji. Kesho yake akapiga kunionyesha."

"Na wewe ukapokea."

"Shati lilikuwa limetakata, Kaka."

Kitinda akacheka hadi akapaliwa.

Kuna jambo Dada Pasi hakuweza kuwaeleza. Siku za mwanzo yeye na huyo mwendesha kreni, ambaye yeye humwita Kreni tu, waliongea kama watu wanaokimbizwa. Baadaye wakagundua kwamba hakuna anayewakimbiza. Simu ya kulipia haina nafasi ya ukimya. Kila dakika inataka neno. Hii ya bure iliwaacha wanyamaze. Simu ikaegemea kopo la wanga, yeye akapiga pasi mashati ishirini, Kreni akanywa chai yake kule juu, wala hakuna aliyemwambia mwenzake kitu. Na mara moja, katikati ya ukimya wa namna hiyo, Kreni alisema, "Leo umechoka. Unaikandamiza sana pasi." Hakuna mtu aliyewahi kumwangalia Dada Pasi kwa makini kiasi hicho.

"Ameshakuomba chochote?" akauliza Kaka Mkubwa.

"Aliniomba nimfundishe kukunja kola."

"Nipo makini."

"Na mimi nipo makini."

"Huyo ni tapeli. Wako wengi. Wanakaa mahali, wanavaa kofia ya kazi, wanatafuta wanawake waliofika umri wako..."

Hapo aliteleza.

"Umri wangu," akasema Dada Pasi. "Tuuzungumze basi umri wangu. Wawili walishakuja humu ndani, Kaka, kwa miguu yao, na watu wazima wao. Wa kwanza ulimpigia simu ukamuuliza maswali arobaini, hakurudi. Wa pili ulimwambia mimi siwezi kuondoka kwa sababu ndiye ninayemtunza Mama. Mimi sikuulizwa. Mama hakuulizwa. Leo nina miaka thelathini na minane."

"Nilikuwa nakulinda."

"Ulinilinda vizuri sana. Hakuna aliyenigusa."

Hata Kitinda aliacha kutafuna.

Mama alikuwa amekaa kwenye benchi la wateja. Alimtazama binti yake kwa macho, kisha akamtazama tena kwenye kioo cha simu, kama anayelinganisha nakala na barua yenyewe.

"Aitwe huyo mtu," akasema.

"Mama, yuko kazini."

"Mwingize humu tumwone. Simu si ya bure?"

Dada Pasi akaitafuta namba. Kidole kilikuwa kimelowa mvuke na kioo kikakataa mara mbili. Ikabidi akipangusie kwenye aproni. Ikaita. Ikaita tena. Ya tatu. Kaka Mkubwa akasema, "Mnaona?" na ya nne haikumalizika.

Kijisanduku cha tano kikafunguka. Ndani yake palikuwa na uso mpana, pengo dogo la meno ya mbele, kofia ngumu ya njano, na nyuma ya kofia kioo cha kibanda na mbingu tupu.

Kreni alianza kutabasamu. Kisha akaona visanduku vinne mahali alipozoea kuona kimoja. Akavua kofia.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Tumekukatiza kazi?"

"Hapana, Mama. Ni mapumziko. Ndoano iko tupu."

"Mimi ni kaka yake," akasema Kaka Mkubwa.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Una miaka mingapi?"

"Arobaini na sita."

Kaka Mkubwa ana arobaini na minne. Kitinda alikohoa kikohozi kirefu kisicho na ugonjwa.

"Hiyo kreni yako," akaendelea Kaka Mkubwa haraka, "inainua tani ngapi?"

"Karibu na mnara, kumi na mbili. Nikiupeleka mzigo mwisho wa mkono, mbili na nusu tu."

"Kwa nini tofauti kubwa hivyo?"

"Kadiri mzigo unavyokaa mbali nawe, ndivyo unavyokuelemea."

Dada Pasi akainama akatafuta kitu chini ya meza ambacho hakikuwepo. Kaka Mkubwa aliuliza kuhusu cheti. Kreni akakishika mbele ya kamera. Aliuliza kuhusu pombe. Kreni akasema mtu anayekwea ngazi ndefu kiasi kile kila alfajiri hahitaji kizunguzungu cha kununua. Aliuliza kwa nini mtu mzima hajatulia mpaka leo. Kreni akasema labda na yeye alikuwa na kaka.

"Inatosha," akasema Mama. "Mimi nina swali moja tu, mwanangu. Una mke?"

Kreni alinyooka kwenye kiti.

"Mama, sitakuficha. Mke ninaye—"

Picha ikaganda.

Iliganda vibaya: mdomo nusu wazi, jicho moja limefumba, sura ya mtu aliyefumaniwa. Kijiduara kikaanza kuzunguka juu ya pua yake. Kikazunguka, kikazunguka, kisha sanduku zima likawa jeusi.

"Mmesikia," akasema Kaka Mkubwa. "Mke ninaye. Kwa kinywa chake."

"Mtandao," akasema Dada Pasi.

"Mtandao umekuwa mzuri mpaka alipoulizwa hilo. Wanajua wapi pa kukata."

"Mpigie tena, dada," akasema Kitinda, na safari hii hakuwa anacheka.

Akapiga. Haikuita. Akapiga tena. Mama alikuwa anaitazama simu yake kama mtu anayetazama sufuria iliyokataa kuchemka. Dada Pasi akachukua shati lililokuwa mezani, akachukua pasi, maana mikono yake haikujua kazi nyingine. Mke ninaye. Miezi minane. Alijaribu kukumbuka kama aliwahi kuona kitu nyuma yake, kanga kwenye kiti, sauti ya mwanamke, chochote. Alikumbuka mbingu tu. Siku zote kreni, siku zote mbingu. Hakuwahi kuona hata kitanda anacholalia.

Akasikia harufu kabla ya kuona. Alipoinua pasi, shati la mwalimu mkuu lilikuwa na pembetatu ya kahawia katikati ya mgongo. Miaka kumi na moja ya kazi, hilo lilikuwa la kwanza.

Dakika nne zilipita. Kisha sanduku likawaka, na Kreni akatokea, mzima, amepumzika, akiwa anamalizia sentensi.

"...kwa hiyo ndiyo hivyo, Mama. Sina jingine la kuongeza."

Wote wakamkodolea macho.

"Nimesema vibaya?" akauliza.

"Uliganda," akasema Dada Pasi. "Rudia."

"Yote?"

"Kuanzia mke ninaye."

Kreni akawatazama mmoja mmoja. Taratibu akaelewa walichosikia na wasichosikia, na rangi ikamshuka.

"Nimesema, mke ninayemtaka ni mmoja, naye ni huyo aliyeshika pasi. Nikasema niliwahi kuoa. Tuliachana miaka tisa iliyopita kwa amani, hatukujaliwa mtoto. Mwenzangu ameshaolewa kwingine, ana watoto watatu, na mdogo wao nilimpelekea zawadi. Hayo ndiyo niliyosema. Nilidhani mmenyamaza kwa kutafakari."

"Herufi tano," akasema Kitinda. "Herufi tano zilitaka kumuua dada yetu."

Dada Pasi aligeuka ukutani akajifuta uso kwa shati lililoungua. Lilikuwa limeharibika tayari.

Mngedhani Kaka Mkubwa angetosheka. Lakini mkaguzi wa tiketi akikuta tiketi ni halali, huomba kitambulisho.

"Sawa," akasema. "Tuseme ni mkweli. Bado namna yenyewe ni mbaya. Ndoa ni jambo la mwangaza. Mtu mwenye heshima zake haoi kisirisiri, mama yake mzazi hajui, ndugu zake hawajui, anakuja kuwaambia mambo yameisha. Hiyo si ndoa, hiyo ni wizi. Mimi siwezi hata kufikiria kumficha Mama jambo kama..."

"Baba."

Sauti ilikuwa ndogo na ilitoka upande wa Kaka Mkubwa. Nyuma ya bega lake alisimama mtoto wa kike wa miaka mitatu hivi, amevikwa taulo, nywele zinadondosha maji.

"Baba, mama anasema sabuni imeisha."

Kaka Mkubwa alirukia simu. Picha yake ikazima. Sauti, kama mlivyoona kwa dada yake, ikabaki.

"Nenda kwa mama. Baba yuko kazini."

"Mbona uko jikoni?"

"Nenda, mwanangu."

"Unaongea na nani?"

"Na watu wa kazini. Nenda ukavae."

"Kaka," akasema Kitinda kwa upole ambao hajawahi kuutumia tangu azaliwe. "Umefunga kamera tu."

Nyani haoni kundule, na Jumamosi hii kundu la nyani lilikuwa kwenye kioo cha nchi tatu. Dada Pasi angeweza kucheka. Alikuwa na haki zote. Lakini alimtazama Mama, na kicheko kikafia njiani.

Mama alikuwa amesimama.

"Washa hiyo picha," akasema.

"Mama, nilitaka..."

"Washa."

Picha ikarudi. Kaka Mkubwa alikuwa amempakata mtoto na taulo lake. Bila sauti ya ukaguzi, uso wake ulikuwa wa mvulana aliyevunja kitu.

"Ana miaka mingapi?" Mama akauliza.

"Anatimiza mitatu mwezi ujao."

"Na mama yake yuko wapi?"

Mwanamke akaingia kwenye picha akijifuta mikono. Alikuwa na mvi chache mbele, wala hakujaribu kuzificha.

"Shikamoo, Mama," akasema. "Nimemwambia miaka minne akuambie."

"Marahaba, mwanangu." Kisha Mama akamrudia mwanawe. "Kwa nini hukuniambia, wewe?"

Kaka Mkubwa aliongea akitazama kichwa cha mtoto.

"Amenizidi miaka mitatu. Na alishawahi kuolewa. Nilijua watu watasema. Nikasema nitakuambia mwaka huu, halafu mwaka huu ukaisha. Kisha mtoto akazaliwa, na nikaona sasa nimechelewa hata pa kuanzia hakuna. Kila Jumamosi nilikuwa nawatoa nje wakatembee mpaka tumalize kuongea. Leo mvua inanyesha."

Miaka mitatu ya Jumamosi. Dada Pasi akamfikiria huyo mtoto akizungushwa barabarani kila wiki ili bibi yake asimwone, na hasira yake ikakosa mahali pa kukaa.

"Baba yenu, Mungu amrehemu," akasema Mama, "mimi nilimpita miaka minne. Mlishawahi kuniuliza?"

Hakuna aliyewahi kuuliza.

"Alikuwa anasema yeye ndiye mkubwa kwa sababu alikuwa na upara." Mama akakaa tena kwenye benchi. Picha yake ikawa inacheza kwenye vioo vyote. Dada Pasi akaiacha meza ya pasi, akakaa kando yake, akamshikia simu.

"Huyu nani?" akauliza mtoto, kidole kimeelekea kioo.

"Mimi ni bibi yako."

Mtoto alifikiri.

"Mbona una pua tu?"

Dada Pasi akaisogeza simu mbali kidogo, pua ikapata uso. Mtoto akaukagua huo uso kwa muda mrefu, ukaguzi wa kurithi, kisha akaonekana kuridhika.

"Bibi, mimi nina taulo la bata."

"Naliona," akasema Mama. "Naliona, mama yangu. Geuka nilione nyuma."

Mtoto akageuka. Mama akalisifia taulo lile kwa maneno mengi kuliko linavyostahili taulo, na machozi yalikuwa yanamtiririka na yeye hayafuti, kwa sababu mkono mmoja ulikuwa umeshikwa na binti yake na mwingine ulikuwa unapapasa kioo.

Baadaye, mtoto alipopelekwa kuvaa, Kaka Mkubwa akakohoa.

"Dada."

"Bee."

"Jumatano mgeni apokelewe vizuri."

Kwa Kaka Mkubwa, hiyo ndiyo samahani. Dada Pasi alimjua. Aliipokea jinsi ilivyo.

"Jamani," akasema Kitinda. "Shemeji bado yupo?"

Wote wakamkumbuka kwa pamoja. Kreni alikuwa bado kwenye sanduku lake, kofia mapajani, macho chini, kama mtu aliyefungua mlango akakuta chumba cha watu.

"Nipo," akasema. "Nilitaka kukata. Sikujua kama ni adabu."

"Umesikia yote?"

"Nimesikia."

"Basi umeshakuwa wa nyumbani," akasema Mama, akijipangusa sasa kwa upindo wa kanga. "Mkwe, hebu nionyeshe huko uliko. Nataka kuujua mji."

Kreni akaigeuza kofia mapajani.

"Mkwe?"

"Leo kuna vumbi, Mama. Hapaonekani vizuri."

"Vumbi nalijua. Geuza simu."

Dada Pasi akamtazama. Alimjua huyu mtu akiwa na njaa, akiwa na mafua, akiwa na hasira na msimamizi wake. Hii sura hakuijua.

"Kreni," akasema. "Kuna nini?"

"Nilipanga kukueleza Jumatano," akasema Kreni. "Nilipanga maneno kabisa. Lakini nimemsikia kaka hapa, nimeona namna Mama alivyolipokea. Nikisubiri nami nitakosa pa kuanzia." Akavuta pumzi. "Naomba utazame mpaka mwisho."

Akageuza kamera.

Kwanza paliyumba. Kisha pakatulia, na mji ukaonekana chini, mdogo, wa rangi ya bati na saruji. Matangi ya maji juu ya mapaa. Barabara yenye magari kama mende.

"Mji wa watu mzuri," akasema Mama.

"Mbona kama kwetu," akasema Kitinda.

"Miji yote inafanana ukiwa juu," akasema Kaka Mkubwa.

Dada Pasi akasogeza uso karibu na kioo. Kamera ilikuwa inashuka polepole kutoka barabara hadi barabara, ikapita paa moja, ikapita la pili, ikasimama kwenye la tatu. Juu ya paa hilo palikuwa na kamba sita. Kwenye kamba palikuwa na mashuka meupe, na kila shuka lilikuwa na mstari wa kijani ubavuni.

Kuna nyumba moja tu ya wageni yenye mashuka yenye mstari wa kijani. Ina dobi mmoja tu. Aliyaanika mwenyewe, saa moja asubuhi ile.

Akainuka. Mama akamuuliza anakwenda wapi, hakusikia. Akachukua simu yake kwenye kopo la wanga, akapita mlango wa nyuma, akapanda ngazi za chuma mbilimbili, aproni ikamnasa kwenye msumari akaivuta ikachanika. Akatokea juu, katikati ya mashuka yaliyolowa, jua usoni.

Upande wa hospitali mpya inayojengwa, mitaa mitatu kutoka dukani, kreni ilikuwa imesimama. Dada Pasi alikuwa ameiona kila siku kwa miezi minane, na hajawahi kuitazama hata mara moja.

Akainua mkono kujikinga jua.

Nusu sekunde baadaye, kwenye kioo, mwanamke mdogo kama punje ya mchele akainua mkono wake kati ya mashuka.

"Miezi yote hii," akasema Dada Pasi.

"Naam," ikasema simu.

"Ndege ya Jumatano."

"Hakuna ndege."

Upepo ukapiga mashuka. Kutoka kwenye simu Kaka Mkubwa alikuwa anauliza kuna nini, mbona kimya, na Kitinda alikuwa anamwambia anyamaze. Dada Pasi alisubiri hasira ije. Ilikuja, lakini ilikuja na kitu kingine kimeishika mkono, na kitu hicho kilikuwa kinahesabu: mitaa mitatu. Mtu anatembea kwa dakika sita.

"Usije Jumatano," akasema. "Teremka sasa hivi. Uje unieleze hapa, nikuone."

"Sasa hivi?"

"Kabla sijapoa."

Kwenye kioo picha ikayumba, ikaonyesha sakafu ya chuma, ikaonyesha buti. Dada Pasi akaiacha simu, akatazama kwa macho yake. Kule juu, mlango wa kibanda ukafunguka. Mtu mwenye kofia ya njano akatoka, akashika chuma, akaanza kushuka ngazi.

Alikuwa ameshuka vipago vitatu pale mlango uleule ulipofunguka tena. Akatoka mtu wa pili, amevaa gauni jekundu.